Nani Kamchelewesha Mtoto Huyu?

Mwaka jana ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa posho yake niliipokea na nikaila, iliniomba niinyooshe lugha ya kipeperushi kuhusu homa ya uti wa mgongo kwa watoto. Kilikuwa kipeperushi cha kawaida: picha ya mama mwenye kanga, mtoto mgongoni, nembo tatu chini. Sentensi yake kuu iliwataka wazazi waache mila potofu na wasiwacheleweshe watoto kufika hospitali. Nilifanya kazi niliyoitiwa. Niliongeza koma mahali fulani, nikageuza "hospitali" kuwa "hospitalini", nikatia sahihi na kurudi nyumbani kwangu Chamazi. Haikunipitia akilini hata mara moja kuuliza kama sentensi ile ilikuwa ya kweli.

Miezi minne baadaye jirani yangu, mama anayekaanga maandazi alfajiri kwenye kona ya barabara yetu, alibisha mlangoni akiwa na mwanawe. Alitaka nimsomee karatasi ya rufaa. Mtoto alikuwa na miezi tisa. Kichwa chake kilikuwa kimezidi mwili, ngozi ya paji imevutika hadi mishipa ikaonekana, na macho yameelekea chini kana kwamba anachungulia kitu kilichoanguka kifuani mwake. Madaktari huyafananisha macho hayo na jua linalozama. Mimi sikuwa najua jina hilo siku ile. Nilijua tu kwamba nilikuwa ninaona jambo lililokwisha kwenda mbali.

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sasa naionea haya: "Mama, mbona umechelewa hivi?"

Akanitazama. Hakukasirika. Alifungua mfuko wa plastiki, akatoa kadi ya kliniki, daftari la mazoezi la shule ambalo huku kwetu ndilo faili la mgonjwa, na vipande vya risiti. "Soma tarehe, mwalimu," akasema. "Mimi sijui kuchelewa unakokusema."

Nikazisoma. Tangu homa ya kwanza hadi siku aliyobisha mlangoni kwangu, mwanamke yule alikuwa amefika katika vituo vya kutolea huduma za afya mara 11. Mara ya kwanza ilikuwa siku ileile homa ilipoanza, mtoto akiwa na miezi mitano. Alipimwa malaria, hakuonekana nayo, akapewa dawa ya maji. Siku ya tatu mtoto alipata degedege, akapelekwa kituo kikubwa zaidi, akachomwa sindano. Siku ya tano akafika hospitali, ambako daktari kijana alishuku homa ya uti wa mgongo na kuandika hivyo kwa mwandiko unaosomeka, Mungu ambariki. Maji ya uti wa mgongo hayakuchukuliwa kupimwa. Sababu haikuandikwa. Mtoto alichomwa sindano za antibiotiki kwa siku kadhaa, homa ikashuka, akaruhusiwa. Kwenye daftari pameandikwa neno moja, "amepona", na chini yake hakuna tarehe ya kurudi.

Sasa sikiliza kilichofuata, ndugu msomaji, hasa wewe uliyeko wizarani au halmashauri. Mama alirudi kliniki kila mwezi kama alivyoelekezwa. Mtoto alitundikwa kwenye mzani. Uzito ukapanda vizuri, nukta ikapanda kwenye mchoro wa kadi, na muuguzi akamsifu mama kwa kunyonyesha. Maji yaliyokuwa yakijaa ndani ya fuvu yalihesabiwa kuwa afya njema. Hakuna aliyechukua futi ya fundi cherehani, inayouzwa kwenye meza yoyote ya Mbagala Rangi Tatu, akaizungusha kwenye kichwa kile.

Kwa hiyo narudia swali langu la siku ile, lakini safari hii siliulizi kwa mama. Nani kamchelewesha mtoto huyu?

Nimetumia miezi kadhaa kusoma na kuwauliza wanaojua, na ninaloandika hapa silo siri ya kitaaluma. Bakteria wanaposhambulia utando unaofunika ubongo, dawa inaweza kuwaua wote na bado vita ikaacha makovu. Ubongo huogelea ndani ya maji yanayotengenezwa usiku na mchana katika vyumba vyake vya ndani, yanayopita kwenye njia nyembamba na kurudi kwenye damu. Usaha na makovu huziba njia hizo. Maji yanaendelea kutengenezwa, hayana pa kutokea. Kwa mtoto ambaye mifupa ya fuvu haijaungana, kichwa hukubali kutanuka. Ubongo ndio unaobanwa ukutani. Hiki ndicho tunachokiita kichwa kikubwa, na wengine kichwa maji.

Hayo si madhara pekee. Usaha unaweza kukusanyika kati ya ubongo na utando wake: mtoto aliyeanza kupata nafuu anarudiwa na homa, degedege linarudi, mkono na mguu wa upande mmoja unalegea. Hapo sindano ya antibiotiki peke yake mara nyingi haitoshi. Usaha lazima utolewe, kwa sindano kupitia utosini ikiwa utosi bado uko wazi, au kwa kutoboa fuvu, au kwa kufungua kipande cha mfupa. Vichanga wengine hupata jipu ndani ya ubongo wenyewe. Na kuna sikio, ambalo hatulikumbuki kabisa: homa hii huweza kuua usikivu, na baada ya hapo sehemu ya ndani ya sikio huweza kuanza kugeuka mfupa katika muda wa wiki au miezi. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia. Lakini mtoto ambaye hakupimwa masikio alipotoka wodini atagundulika kiziwi akiwa na miaka mitatu, kwa sababu haongei, na wakati huo nafasi ya kupitisha waya wa kifaa hicho huenda imekwisha kuziba.

Madhara yote haya yana sifa moja inayofanana. Yanaanza au yanaonekana siku au wiki baada ya mtu kuandika "amepona". Kwa maneno mengine, yanatokea hasa katika kipindi ambacho mfumo wetu umemwondoa mtoto kwenye hesabu zake. Mila potofu inaingilia wapi hapo?

Sikatai kwamba wapo wazazi wanaotangulia kwa mganga. Nimezaliwa nchi hii. Najua pia kwamba wapo wazazi wanaokataa mtoto achomwe sindano ya mgongo kwa kuamini kwamba ndiyo inayoua au kupoozesha, na imani hiyo haikushuka kutoka mawinguni: watoto wengi huchomwa wakiwa taabani, wakifa siku ya pili jamaa hukumbuka sindano. Inahitaji mtu wa kukaa na mama dakika kumi na kumweleza. Katika wodi yenye muuguzi mmoja na watoto wawili kwa kitanda, dakika kumi ni anasa. Lakini ona jinsi mambo yanavyogeuzwa: upungufu wa watumishi unaingia mlango mmoja, na unatokea mlango wa pili ukiitwa ujinga wa wananchi.

Wanaotetea hali ilivyo huniambia kwamba chanjo ndiyo jibu, upasuaji ni mambo ya baadaye. Chanjo ni jibu kubwa, tena la kujivunia. Tanzania iliingiza chanjo dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2009, ndani ya chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, na chanjo dhidi ya nimonia mwanzoni mwa 2013. Wadudu hao wawili walikuwa wauaji wakuu wa watoto kwa homa hii. Lakini dozi ya kwanza hutolewa mtoto anapofikisha wiki sita. Mtoto wa siku kumi, aliyepata maambukizi kwenye kitovu au kwa mikono isiyooshwa, hana kinga yoyote ndani ya chanjo hizo.

Na ushahidi wa Afrika Mashariki unaelekeza hukohuko kwa vichanga. Mwaka 2000 daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, alihamia Mbale, mashariki mwa Uganda, kuanzisha kazi ya upasuaji katika hospitali ya watoto ya CURE. Alitarajia kukuta kichwa kikubwa cha kuzaliwa nacho, kama vitabu vya kwao vilivyomfundisha. Akakuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliofikishwa kwake walikuwa wameupata ugonjwa baada ya maambukizi, wengi katika wiki za mwanzo za maisha. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi na hospitali hiyo walitangaza kwamba katika maji ya ubongo ya sehemu kubwa ya watoto hao walimkuta bakteria ambaye hata hakuwa akitafutwa, *Paenibacillus thiaminolyticus*. Fikiri maana yake. Kwa miongo kadhaa watoto wa ukanda wetu wamekuwa wakiharibiwa ubongo na mdudu asiye na jina katika maabara zetu, na sisi tukiwaambia mama zao waache mila potofu.

Mbale inanihusu kwa sababu nyingine pia. Tiba iliyozoeleka ya kichwa kikubwa ni mrija unaopitishwa chini ya ngozi, kutoka kwenye vyumba vya ubongo, nyuma ya sikio, hadi tumboni, ili maji yamwagikie huko na kufyonzwa. Mrija huo huokoa maisha. Ila huziba, na huingia wadudu, na ukiziba ghafla mtoto anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Mtoto mwenye mrija ana miadi ya maisha yote na chumba cha upasuaji. Warf alijiuliza swali ambalo ningependa liulizwe katika kila kikao cha bajeti: mrija ukiziba saa nane za usiku, mama wa kijijini ataufikisha wapi? Akaikuza mbinu ya kuingia kwa kamera nyembamba, kutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia mpya, na kuichoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliowalinganisha watoto wachanga 100 wa Uganda, haukuona tofauti ya maana kati ya mrija na mbinu hiyo katika ukuaji wa akili baada ya mwaka mmoja. Si mwujiza, basi, na si kila mtoto inamfaa. Makovu yakiwa mabaya tundu nalo huziba. Lakini ilizaliwa hapa jirani, kwa ajili ya watoto kama wetu, na hospitali za nchi tajiri zikaja kujifunza.

Hata kwa wanaohitaji mrija, hoja ya gharama ina shimo. Warf huyohuyo alilinganisha mrija wa bei nafuu uliotengenezwa India, uliogharimu takriban dola 35, na mrija wa Marekani wa takriban dola 650. Baada ya mwaka mmoja hakuona tofauti ya matokeo. Dola 35! Nimewahi kuhudhuria semina ya siku moja, katika hoteli ya ufukweni, ambamo chai na vitafunio vya washiriki vingenunua mirija ya wodi nzima. Mada ilikuwa uhaba wa rasilimali katika sekta ya afya. Sambusa zilikuwa nzuri.

Dar es Salaam haina udhuru wa mkoa wa mbali. Tunayo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, yenye mabingwa wa ubongo ambao ninawaheshimu kwa dhati. Swali langu si kuhusu meza yao ya upasuaji. Linahusu kilomita ishirini na kitu zinazotenganisha meza hiyo na Mbande, na kilomita nyingi zaidi kutoka Mabwepande, upande wa Kinondoni. Kwenye ramani ni mji mmoja. Kwa mama anayeanzia zahanati, akapewa karatasi ya kwenda kituo cha afya, akapewa karatasi ya kwenda wilaya, akapewa karatasi ya kwenda mkoa, akaambiwa arudi Jumatatu na majibu ya kipimo cha CT, ni safari ya miezi. Kila ngazi ina karatasi yake na foleni yake. Kila ngazi inamkuta "amechelewa".

Ninachotaka hakihitaji jengo jipya. Utosi wa mtoto mchanga ni dirisha. Altrasaundi ileile inayotumika kutazama mimba katika hospitali zetu za wilaya inaweza kupitishwa utosini ikaonyesha vyumba vya ubongo vilivyotanuka, bila mionzi na bila kumlaza mtoto kwa dawa. Tunazo mashine. Hatujawafundisha wanaozishika kwamba zinafaa pia kwa kazi hiyo. Na kabla ya altrasaundi kuna futi: kichwa cha mtoto mchanga ni kama sentimita 35, cha mtoto wa mwaka mmoja ni kama 47. Mtoto aliyewahi kulazwa kwa homa ya uti wa mgongo apimwe kichwa kila wiki kwa miezi michache na apimwe masikio, na tarehe hizo ziandikwe kabla hajavuka mlango wa wodi. Sioni kwa nini jambo hilo lisubiri mfadhili.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa maana hasira yangu hapa hainisaidii kuandika vizuri. Sera ya Afya ya 2007 inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Jirani yangu ana risiti. Msamaha unaanguka pale dawa inapokuwa haipo dirishani na ipo duka la pili, pale kipimo kinapokuwa nje ya lango. Palikuwa na Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mwaka, na mwezi Machi 2023 Mfuko wa Bima ukaisitisha, watoto wakaelekezwa kuandikishwa kupitia shule. Maelezo yalikuwa kwamba wengi waliokatiwa kadi walikuwa tayari wagonjwa. Mtoto wa miezi tisa anaandikishwa shule ipi? Najua utaratibu umebadilishwa tena tangu wakati huo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka huohuo wa 2023. Naisubiri kwa matumaini. Lakini fikra iliyoifunga kadi ile, kwamba mtoto mgonjwa ni hasara inayovamia mfuko, bado sijasikia mtu akiikana hadharani.

Badala yake tunayo makambi. Kila baada ya muda tunaona kwenye taarifa ya habari mabingwa wamesafiri mkoani, watoto kadhaa wamefanyiwa upasuaji wa kichwa kikubwa, mfadhili amepiga picha amembeba mmoja wao. Siwabezi madaktari wanaokwenda. Wanafanya kazi usiku na mchana. Ila kambi ni ungamo la serikali kwamba siku nyingine zote huduma haipo. Mtoto aliyewekewa mrija Jumanne, mrija ukaziba miezi mitatu baadaye, kambi imekwisha kukunja turubai.

Tunaambiwa mabingwa ni wachache. Kweli, na hawatoki kwenye mti. Lakini nenda kasome habari za Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2006 daktari wa upasuaji wa ubongo, Dilantha Ellegala, alifika katika hospitali hiyo ya kijijini, akamfundisha kazi Emmanuel Mayegga, mtumishi wa afya ambaye wakati huo hakuwa bingwa wala hakuwa na shahada ya udaktari. Mayegga akaweza. Kisha akamfundisha mwenzake. Unaweza kubishana, na wapo mabingwa wanaobishana kwa haki kabisa, juu ya mipaka ya ruhusa kama hiyo. Sisemi kila wilaya ifungue mafuvu. Nasema kwamba daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke au Mwananyamala, mwenye uwezo wa kumfungua mama tumbo akamtoa mtoto salama, anaweza kufundishwa kuchota usaha utosini na kupunguza maji yanayobana ubongo usiku wa leo, wakati gari la wagonjwa linatafutwa. Katika homa hii hata mrija wenyewe haupaswi kuwekwa kabla maji hayajawa safi. Lazima mtu awe anayachota na kuyapima kwa siku kadhaa. Huyo mtu kwa sasa ni nani huku kwetu?

Mtoto wa jirani yangu alifanyiwa upasuaji. Kichwa kimeacha kukua. Anacheka akitekenywa, hajakaa, na mkono wa kushoto anaubana. Hakuna aliyemwambia mama yake ni kiasi gani cha hayo kingeepukika, nami sikumwambia, kwa sababu sijui na kwa sababu niliogopa. Baba wa mtoto aliondoka mwezi wa pili wa safari za Muhimbili. Kipeperushi changu hakikuwa na sentensi kumhusu yeye.

Mwezi uliopita ofisi ileile ilinipigia simu. Wanataka toleo la pili, wameongeza nembo ya nne, na posho imepanda kidogo. Nilichukua rasimu, nikaifuta ile sentensi kuhusu mila potofu na kuchelewa, na mahali pake nikaandika: "Mtoto wako akitoka wodini baada ya homa ya uti wa mgongo, usiondoke bila kupimwa kichwa na masikio na kupewa tarehe ya kurudi; ni haki yake." Nikairudisha. Afisa aliyeipokea, kijana mwungwana niliyewahi kumfundisha, aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa heshima: "Mwalimu, sasa wakiidai hiyo tarehe tutawapeleka wapi?"

Ni wiki ya tatu sasa. Rasimu iko mezani kwake, na mimi posho sijaifuata.